Tekawei inaniharibia mpangilio wa mwili, au mpangilio ndio unaoharibu tekawei?

MkwajuMrefu_Dar (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Nacheza gofu hapa Dar, mara nyingi Lugalo. Handikapu yangu, yaani mikwaju ya ziada ninayoruhusiwa juu ya kiwango cha uwanja, ni 22, natumia mkono wa kulia. Fimbo fupi hazinisumbui. Shida inaanzia namba 6 kwenda kwenye ndefu, na nikishika draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, ndio kabisa: mpira unaanza kushoto kidogo ya shabaha, halafu unakata kulia hadi kwenye miti.

Jamaa yangu alinirekodi kwa simu akiwa amesimama nyuma yangu. Kabla sijapiga naonekana nimekaa vizuri tu. Fimbo ikianza kuondoka kwenye mpira, ile hatua ya kwanza tunayoiita tekawei, kichwa cha fimbo kinazama ndani nyuma yangu. Nyonga ya kulia inarudi nyuma haraka na goti la kulia linanyooka. Fimbo ikifika usawa wa kiuno, mikono bado iko mbele yangu lakini kichwa cha fimbo kimeshapotelea nyuma ya makalio. Kutoka hapo nainyanyua juu kwa mikono, na nikianza kushuka mabega yameshageukia kushoto.

Nimepewa ushauri wa aina mbili. Mmoja kasema tekawei ndiyo inayovuruga mwili, kwa hiyo nipeleke fimbo moja kwa moja nyuma kwenye mstari na niachane na mengine. Mwingine kasema mwili haujapangwa sawa tangu mwanzo, na tekawei ni matokeo tu. Nimejaribu ule wa kwanza: fimbo inaenda nje, mikono inakakamaa, na slaisi, yaani huko kukata kulia, imeongezeka.

Naomba mnisaidie, nianzie wapi?

Injinia_Tabata

Mkuu, kabla ya yote, simu ilikuwa imewekwa wapi?

Nauliza kwa sababu watu wengi wanarekebisha kosa ambalo halipo. Mtu anasimama nyuma ya mchezaji, anaelekeza simu popote, kisha wanachora mistari juu ya video. Simu ikikaa kwenye mstari wa mpira, au kulia zaidi ya hapo, fimbo itaonekana imezama ndani hata kama imekwenda sawa, kwa sababu inaisogelea kamera kutoka upande. Ikikaa kushoto, nyuma ya visigino vyako, fimbo hiyohiyo itaonekana imetoka nje.

Weka simu kwenye kimo cha mikono yako ukiwa umeshajipanga kupiga, iwe kwenye mstari unaopita mikononi, yaani kati ya vidole vya miguu na mpira, na itazame sambamba na mstari wa shabaha. Laza fimbo chini ikuonyeshe mstari huo, la sivyo utakuwa unakisia. Usimpe mtu ashike, maana mkono unahama. Egemeza kwenye begi.

Ukirudia hivyo na bado kichwa cha fimbo kimezama nyuma ya mikono, basi kosa lipo kweli.

KediWaZamani_Mombasa

Injinia kasema jambo la maana sana. Lakini mleta mada ametaja nyonga inayokimbia, goti linalonyooka na mpira unaoanza kushoto kisha ukakata kulia. Dalili hizo zinakubaliana, kwa hiyo naamini fimbo yake inaingia ndani kweli. Ndugu yangu, nimelipenda swali lako kwa kuwa umeuliza kipi kinaanza. Wengi huja na "nifanye nini na mikono yangu?" na hapo ndipo wanapopotea.

Nimebeba mifuko hapa pwani tangu ujana wangu, na sasa nafundisha watoto na watu wazima wanaoanza. Kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo, ana nafasi ambayo mchezaji hana. Amesimama pembeni, anaona miguu, anaona mabega, anaona mpira unakokwenda, na anaviona kwa watu wa kila umbo, kutwa nzima. Kutokana na hayo niliyoyaona, nakujibu hivi: mpangilio ndio unaoanza, kisha tekawei inaulipa mpangilio ule ubaya wake, na vikishaanza kulishana hivyo mchezaji hawezi tena kujua chanzo kiko wapi.

Hebu fuata nami. Mchezaji wa mkono wa kulia anasimama kwenye mpira, anageuza kichwa kuitazama bendera juu ya bega lake la kushoto, na anataka bega lile lielekee bendera. Anaona yuko sawa. Mimi niliye nyuma yake naona mabega yametazama kulia, wakati mwingine kulia sana. Mstari wa mpira kwenda kwenye shabaha na mstari wa miguu, nyonga na mabega ni kama reli mbili: zinakwenda pamoja wala haziungani. Uso wa fimbo ndio wenye haki ya kuitazama bendera. Mwili wako unatakiwa kutazama kushoto kidogo ya bendera, na ukizoea kukosea, mkao ulio sahihi utakuletea hisia kuwa umejipanga kushoto mno.

Sasa mabega yakiwa yametazama kulia, fimbo inayoyafuata itakwenda wapi? Ndani. Haina njia nyingine. Mwalimu anakuambia tekawei yako mbovu, na kweli mbovu, lakini fimbo imefuata tu mabega yalikotazama. Kisha unafika juu, na mwili wako unajua kabisa kuwa bendera iko kushoto ya pale ulipojipanga. Unashuka ukiivuta fimbo kutoka nje, juu ya mpira, kwenda kushoto. Mpira unaanza kushoto, na kwa kuwa uso wa fimbo umebaki wazi, yaani unatazama kulia kulinganisha na njia ya fimbo, unakata kulia. Hiyo ndiyo picha uliyoieleza.

Ubaya haukomi hapo. Mchezaji anaona mpira umeishia kulia, na mara nyingine anasema, "Wacha nilenge kushoto." Anasogeza miguu tu. Miguu sasa iko kushoto, mabega yamebaki kulia, uso wa fimbo hauko huku wala kule. Siku nyingine anageuza mabega pia, lakini anapitiliza mpaka yanafunguka, yaani yanatazama kushoto mno. Mabega yaliyofunguka hupeleka fimbo nje, mchezaji anahisi imetoka, anaivuta ndani kwa viganja, na tumerudi palepale kwa njia nyingine. Nimewaona watu waliofundishwa na walimu wengi, kila mmoja akigusa sehemu moja ya mduara huu, na hakuna aliyewaambia wausimamishe kwanza. Huniuma kuona hivyo, kwa sababu mtu analipa pesa yake, anapoteza jioni zake, na mwisho anauza fimbo.

Kwa hiyo usianze na mikono. Nenda renji, uwanja wa mazoezi, na fimbo mbili za ziada, au fito mbili zilizonyooka. Laza moja upande wa mbali wa mpira ikielekea shabaha, nyingine kwenye vidole vya miguu, sambamba na ile. Jipange. Kisha chukua fimbo unayopigia, ibane mabegani ukiwa bado umeinama vilevile, na utazame inakoelekea. Wengi hushangaa hapa, kwa sababu miguu iko sawa kabisa kwenye fito na mabega yako mahali pengine. Miguu inadanganya. Mtu anaweza kupanga viatu vyake vizuri na bega moja likawa limejisahau.

Bega la kulia lina sababu yake ya kuhama. Mkono wa kulia unashika mpini chini ya wa kushoto. Ukiunyoosha ule wa kulia ili ufike, unavuta bega zima mbele na mabega yanafunguka kuelekea kushoto. Kilegeze kiwiko cha kulia kikunjike kidogo, bega la kulia lishuke chini ya la kushoto, na uti wa mgongo uinamie kulia kidogo. Mwenzako akisimama nyuma yako atazame mikono: ule wa kulia ukiwa juu na mbele ya wa kushoto, mabega yamefunguka, hata useme nini.

Mpira nao unahusika. Kwenye draiva tunauweka mbele, usawa wa kisigino cha kushoto. Ukiuweka mbele zaidi ya hapo, mwili unaufuata na mabega yanafunguka yenyewe. Ukiuweka nyuma mno, mabega yanafunga, yaani yanatazama kulia. Ndiyo maana fimbo fupi hazikusumbui: mpira uko karibu na katikati, huna haja ya kuufikia.

Hayo yote ni kabla fimbo haijasogea. Usiniharakishe kufika kwenye tekawei kabla mabega hayajakaa.

KediWaZamani_Mombasa

Naendelea, maana ile ilikuwa ndefu.

Tekawei. Ben Hogan, bingwa wa zamani wa Marekani aliyeanza maisha yake ya gofu akiwa kedi mdogo kule Fort Worth, Texas, alifundisha utaratibu: mikono huanza, mabega yanaungana nayo karibu papo hapo, na nyonga zinakuja baadaye kwa sababu mabega yanazivuta. Kwako wewe utaratibu umepinduka. Viganja vinazungusha fimbo ndani, na nyonga inakimbia kuvifuata. Fimbo ikishakuwa nyuma ya mikono hakuna nafasi iliyobaki kwa mikono kwenda juu, kwa sababu mwili umeizibia. Ndiyo maana unainyanyua. Lile goti linalonyooka na uzito unaoangukia visiginoni ni mwili unaotafuta nafasi ya kupitisha fimbo iliyokwama.

Zoezi la kwanza ninalowapa wote ni la kitovu. Shika fimbo chini kwenye chuma, mpaka kitako cha mpini kiguse kitovu chako. Jipange kama unapiga. Sasa geuza kifua kulia, taratibu, bila kitako kuondoka kitovuni, mpaka mikono ipite mguu wa kulia. Hapo utahisi kifua, mikono na fimbo vikiondoka kwa pamoja. Viganja havijafanya kitu. Hisia hiyo ndiyo unayoitaka kwenye mwanzo wa bakswingi, yaani fimbo kurudi nyuma na kupanda, na ukishaipata, shika mpini mahali pake uitafute tena.

La pili, weka mpira mwingine nyuma ya kichwa cha fimbo, kwenye mstari wa shabaha. Ukianza swingi, usukume mpira ule urudi nyuma. Ukibingirika kuja miguuni kwako, umevuta ndani. Ukienda mbali nawe, umesukuma nje. Watoto ninaowafundisha wanalipenda sana hili, kwa kuwa hawahitaji mtu wa kuwaambia.

Kisha simama fimbo ikiwa usawa wa kiuno, ikilala sambamba na ardhi. Mpini uwe sambamba na fito ya miguu. Anayekutazama kutoka nyuma aone kichwa cha fimbo kimeifunika mikono, au kiko nje yake kidogo tu. Ncha ya kichwa ielekee juu na kuinamia mbele kidogo, kiasi sawa na mgongo wako ulivyoinama. Ikitazama mbinguni na kuendelea kurudi nyuma, viganja vimezunguka. Ikitazama ardhi, umeikunja. Ukiwa sawa hapo, sehemu iliyobaki ya bakswingi itajipanga karibu yenyewe: geuza mabega yakaribie digrii 90 na uache nyonga ziende karibu nusu ya hapo.

Yule aliyekuambia uipeleke moja kwa moja nyuma kwenye mstari, alikusudia mema. Lakini mwili unazunguka, kwa hiyo fimbo nayo lazima ifuate upinde. Sentimita za kwanza zinaonekana zimenyooka, baada ya hapo inaingia ndani taratibu kwa sababu kifua kimegeuka. Ukiilazimisha ibaki kwenye mstari, mikono inaachana na kifua, mabega hayageuki, na ndiyo hiyo mikono iliyokakamaa uliyoisema.

Na usiikabe fimbo. Jack Nicklaus, bingwa mwingine wa Marekani, alikuwa akiinyanyua fimbo kidogo juu ya nyasi kabla ya kuanza, isilale chini. Ukifanya hivyo viganja vinalegea, fimbo haikwami kwenye nyasi, na unaanza kwa upole. Wengi wanaovuta ndani wanavuta kwa haraka. Sijapata kuona mtu anayeanza polepole akazungusha viganja kwa nguvu.

Kwa muda fanya mazoezi haya na fimbo moja tu. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open pale Muthaiga mwaka 1978, alijifunzia mchezo ufukweni Pedreña, Hispania, na fimbo namba 3. Sisi makedi nasi tulijifunza hivyohivyo, mtu na fimbo yake moja, siku ya makedi. Fimbo moja inakufundisha kichwa chake kiko wapi bila kukitazama.

MamaGofu_Moshi

Asante sana kaka wa Mombasa. Naomba niongeze jambo la miili yetu, maana mafundisho mengi yanawafaa vijana.

Nina umri wa kustaafu na nyonga zangu si laini. Nikizuia nyonga ya kulia isigeuke, kama wanavyoambiwa wengi, mabega hayafiki popote. Kinachofuata ni kuinyanyua fimbo kwa mikono au kuivuta ndani ili nihisi nimezunguka. Kwa hiyo tekawei yangu iliharibiwa na ugumu wa nyonga, siyo na mikono wala na shabaha.

Vitu viwili vimenisaidia. Mguu wa kulia nimeugeuza vidole vitazame nje kidogo badala ya kuunyoosha mbele, na nyonga inapata njia. Tena naacha kisigino cha kushoto kinyanyuke kidogo fimbo inapoelekea juu. Nicklaus alifanya hivyo akiwa na nguvu zake zote, sioni kwa nini mama wa umri wangu akatazwe. Kisigino kinarudi chini kwanza, ndipo napiga.

Ila nakubaliana na kaka kwamba nyonga isiwe ya kwanza kuondoka. Naiacha igeuke, lakini baada ya kifua kuanza. Ikitangulia, uzito wangu unaangukia visiginoni na mpira naupiga juu juu.

Mleta mada, wewe bado kijana? Kama unakaa kwenye kiti cha ofisi kutwa, nyoosha nyonga zako kabla ya kugusa fimbo.

Kushoto_Kericho

Mimi natumia mkono wa kushoto kwa hiyo nasoma kila kitu kinyume, lakini nina swali kwa mzee wa Mombasa.

Kama tekawei ni muhimu hivyo, tuseme nini kuhusu Jim Furyk? Fimbo yake inapanda nje mbali, kisha inazunguka na kushukia ndani. Alishinda US Open mwaka 2003 pale Olympia Fields, na mwaka 2016 akapiga raundi ya mikwaju 58 kwenye PGA Tour. Ray Floyd naye alikuwa anavuta ndani kabisa, na ana mataji 4 makubwa. Moe Norman wa Kanada aliianzisha fimbo ikiwa mbali nyuma ya mpira, na wengi wanasema hakuna aliyepiga mpira ulionyooka kumshinda. Mpira haujui fimbo ilipitia wapi ikienda nyuma. Unajua tu uso wa fimbo unatazama wapi na fimbo inapita njia gani pale inapougusa.

Sisemi hivi kupinga. Naogopa tu kwamba mleta mada ataanza kuchora mistari kwenye simu na kusahau kupiga mpira.

KediWaZamani_Mombasa

Kushoto, swali zuri, na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Uso wa fimbo wakati wa kugusa mpira ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa mpira uanzie wapi, na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo ndiyo inayoukata. Hakuna tekawei inayoweza kubadili hilo.

Lakini watazame tena hao uliowataja. Furyk ana njia yake ya kurudi ndani, na anairudia ileile kila siku, tangu utotoni. Floyd vilevile. Alivuta ndani, kisha akajua namna ya kuipandisha fimbo ikarudi mahali pake kabla ya kushuka. Wamejenga marekebisho yao kwa maelfu ya mipira kila wiki. Mtu wa handikapu 22 anayecheza wikendi hana mipira hiyo. Kila kitu anachokiharibu mwanzoni atalazimika kukirekebisha ndani ya muda usiotosha hata kupepesa jicho. Tekawei nzuri kwake inampunguzia kazi. Sitaki aende kushindana na Furyk, nataka awe na kazi chache.

Kitu kimoja Furyk na Floyd hawakukichezea ni mpangilio. Walijua uso wa fimbo unatazama wapi na mwili unatazama wapi. Marekebisho yao yalianzia mahali palepale kila mara. Ndiyo maana nikamwambia mleta mada aanze na mabega. Tekawei ya ajabu juu ya mpangilio unaojulikana inaweza kuzoeleka. Tekawei nzuri juu ya mpangilio unaobadilika kila shimo haitakusaidia kitu.

Hapa pwani hilo linaonekana sana wakati wa kusi. Upepo ukivuma kutoka pembeni, mchezaji anataka kulenga mita chache upande wa upepo. Anasogeza miguu, halafu macho yake yanabaki kwenye bendera, na mabega yanayafuata macho. Ameshajigawa vipande. Ninawaambia wachague kitu kipya cha kulenga, mti au ukingo wa bunka, lile shimo la mchanga, wakisahau bendera kabisa, kisha wajipange upya kwa mwili wote kama vile bendera imehamia pale. Anayefanya hivyo hucheza kwenye upepo bila kubadili swingi yake hata kidogo.

Kuhusu mistari ya simu umesema kweli. Rekodi, tazama mara moja, weka simu begini.

MkwajuMrefu_Dar (mleta mada)

Wakubwa nawashukuru mno. Nimekwenda renji na fito mbili, na simu nikaiweka alivyosema Injinia. Miguu ilikuwa sawa kwenye fito. Nilipoibana fimbo mabegani ilielekea kulia, siyo kidogo. Nilipoyarudisha mabega yakawa sambamba nilihisi nimejipanga kupiga kwenye uzio wa kushoto, lakini fito zinasema niko sawa.

La kunishangaza, nilipoanza swingi kwa mabega hayo mapya, bila kufikiria tekawei, fimbo ilizama ndani kidogo sana kuliko zamani. Zoezi la kitovu ndilo gumu. Nyonga bado inataka kutangulia. Namba 6 imeanza kwenda, slaisi imebaki kwenye draiva.

Mama wa Moshi, ndiyo, nakaa ofisini kutwa. Nimeanza kunyoosha nyonga.

Maswali mawili. Uwanjani sina fito. Je, kedi wangu anaweza kusimama nyuma yangu aniambie kama mabega yako sawa? Na draiva nifanye nini tofauti?

KediWaZamani_Mombasa

Hongera ndugu yangu. Hisia hiyo ya kulenga uzio ndiyo niliyokuwa naisubiri. Iamini fito, usiiamini hisia, mpaka hisia yenyewe ihame.

Kuhusu kedi: zamani tulifanya hivyo kila siku. Nilisimama nyuma ya bosi nikimwambia, "Kulia kidogo, hapo hapo, piga." Tangu kanuni mpya za mwaka 2019 hairuhusiwi. Ukishaanza kuchukua mkao wako, kedi hatakiwi kusimama makusudi nyuma ya mpira kwenye mstari ule mpaka umepiga. Adhabu ni mikwaju miwili, au kupoteza shimo kama mnacheza mtu kwa mtu. Kulaza fimbo chini ikusaidie kupanga miguu ni kosa vilevile, na hilo ukishachukua mkao huwezi kujiokoa kwa kuiondoa. Makedi wengi walinung'unika. Mimi naiona kanuni hii ni nzuri, maana niliwahudumia watu waliocheza miaka mingi bila kujua kujipanga wenyewe kwa sababu sisi tuliwafanyia. Kedi anaweza kukusaidia kuchagua shabaha, kusoma upepo na kuchagua fimbo. Kujipanga ni kazi yako.

Fanya alivyokuwa akifanya Nicklaus. Simama nyuma ya mpira, tazama shabaha, kisha tafuta kitu kilichoko tayari kwenye mstari huo, mbele ya mpira hatua moja au mbili: jani, nyasi iliyokauka, shimo la mkwaju wa zamani. Usiweke kitu chako, tafuta kilichopo. Ukifika kwenye mpira, panga uso wa fimbo kwanza uelekee jani lile. Uso ukishakaa, jenga mwili kuuzunguka: miguu, nyonga, na mwisho mabega. Wengi hupanga miguu kwanza halafu wanaugeuza uso wa fimbo ufuate, na huo ndio mwanzo wa kuchanganyikiwa. Ukitazama shabaha mara ya mwisho, zungusha kichwa kikiwa kimeinama hivyohivyo, usikiinue, maana kikiinuka bega la kushoto linahama nacho.

Draiva: hamisha mpira mpaka usawa wa ndani ya kisigino cha kushoto, wala usizidi. Panua miguu kidogo. Acha bega la kulia lishuke zaidi kuliko kwenye namba 6, kwa sababu mpira uko mbele na juu ya ti, kile kijiti chake. Bila kulishusha, mabega yatafunguka kuufuata mpira, na slaisi yako itaishi hapo hata kama tekawei imepona. Halafu ianze polepole kuliko unavyodhani inafaa. Fimbo ni ndefu, kichwa kiko mbali, na kikivutwa haraka kitazama ndani kabla kifua hakijaanza kugeuka.

Nyonga inayotangulia utaidhibiti hivi: piga mipira ya nusu swingi, mikono isivuke kifua, na uhisi shinikizo linaingia kwenye upande wa ndani wa mguu wa kulia mapema, pale fimbo inapoondoka. Usilisubiri mpaka ufike juu. Shinikizo likiingia mapema, nyonga inapata kitu cha kuegemea na haiwezi kukimbia nyuma.

Injinia_Tabata

Mkuu, Jumamosi asubuhi nipo Lugalo. Nitakuja na fito na kishikio cha simu, tukae renji kabla ya kuanza shimo la kwanza. Lete draiva na namba 6 tu.